Karani wa Dirisha la Tatu Ainua Mkono

Karani wa dirisha la tatu hakuwa na shahada. Hakuwa na kompyuta nyumbani, wala mjomba mwenye cheo wa kumshika mkono. Hakuwa na ajira ya kudumu. Alikuwa bado kwenye majaribio, na yalibaki majuma matatu. Alichokuwa nacho ni uchangamfu, ndiyo maana wateja walimwita Bi Bashasha.

Tawi lile la benki lilikuwa na desturi yake. Karani akienda kunywa chai, mwenzake aliingia kwenye kompyuta yake kwa neno la siri aliloachiwa, ili foleni isisimame. Waliona huo ndio undugu.

Asubuhi moja, kabla ya kufungua milango, alikuja mkufunzi wa usalama wa mitandao, mama mfupi mwenye sauti nzito.

"Nani hapa anajua neno la siri la mwenzake?"

Mikono yote ikapanda, hata wa meneja.

Mkufunzi akashika kalamu ya wateja pale dirishani, akaivuta hadi kamba yake ikakaza. "Ndugu zangu, kalamu ya bei ya pipi mmeifunga kamba. Neno la siri mnagawa kama njugu?"

Wakaangua kicheko.

"Mwenzako akiharibu, kompyuta itataja jina lako," akaendelea. "Tena mwizi wa siku hizi havunji mlango. Anakutumia barua pepe ya kukuharakisha: bonyeza hapa, andika neno la siri, mwisho leo. Benki haikuulizi neno lako la siri, hata siku moja. Na ukiteleza, sema papo hapo, tuwahi."

Bi Bashasha hakucheka tena. Jana yake jioni alikuwa amebonyeza barua pepe ya "ratiba mpya ya likizo" na kuandika neno lake la siri. Akisema, kibarua kitaota nyasi. Akinyamaza, wateja wake wataibiwa.

Akainua mkono. "Mimi nimeteleza, mama. Jana. Ile ya likizo."

"Umeajiriwa juzi, likizo ya nini?" karani wa dirisha la nne akamchokoza. Kisha naye akainua mkono taratibu. "Hata mimi niliandika."

Mkufunzi akapiga simu makao makuu, maneno yao ya siri yakafungwa. Milango ilipofunguliwa tu, simu ikalia: mtu asiyejulikana amejaribu kuingia kwa neno la Bi Bashasha, akagonga mwamba. Hakuna mteja aliyeguswa.

Tangu siku ile kila karani alikuwa na neno alilolijua peke yake, na hakuondoka kitini bila kufunga kompyuta. Wateja walinung'unika juma moja kwa foleni kusimama wakati wa chai, wakazoea.

Juma la mwisho la majaribio, meneja alimwita Bi Bashasha ofisini.

"Kaa, dada. Sikiliza nilichowaandikia makao makuu." Akasoma: "Naomba athibitishwe kazini, na atumwe kuwafundisha wenzake katika matawi mengine. Aliyekubali kosa lake mapema ndiye aliyetuokoa."

Bi Bashasha akafuta macho kwa kiganja. "Bosi, na ile ya kubonyeza umeiandika?"

"Nimeiandika. Bila hiyo utawafundisha nini?"

Wakacheka wote wawili. Meneja akatia saini, akaikunja barua, akaifunga kwa gundi ndani ya bahasha na kumkabidhi tarishi aliyekuwa akisubiri mlangoni.