Miguu Tisa Isiyoguswa

Saa tatu asubuhi, daktari bingwa wa mishipa ya damu alifunua shuka la mgonjwa wake, fundi cherehani, na hasira zikampanda papo hapo. Unyayo wa mguu alioufanyia upasuaji jana ulikuwa na rangi ya jivu. Kwenye faili ilikuwa imeandikwa: mapigo yapo, mazuri.

"Nani kaandika upuuzi huu?"

Wanafunzi wake wanne wakatazama viatu vyao. Yule mrefu akainua mkono. "Mimi, daktari."

"Uliugusa mguu?"

"Hapana. Nilikuwa na haraka."

"Kwa hiyo ulioteshwa! Mama huyu analea watoto watatu kwa kukanyaga cherehani. Mguu ukikatwa, utamkanyagia wewe?"

Akabandika kimashine cha kusikilizia damu kwenye unyayo. Mapigo yakasikika, mazito kabisa. Nesi wa wodi akashusha pumzi, lakini daktari hakushusha, maana chini ya vidole vyake hapakuwa na mpigo wowote, na harufu ya kisima kilichofunikwa miaka mingi ilikuwa inapanda kutoka kitandani, na alipoinua kimashine juu ya ngozi yale mapigo hayakukoma, yaliendelea hewani, yakageuka pumzi, na pumzi ikawa sauti nzito ya mtu aliyekatizwa usingizi nyumbani kwake.

"Unafoka nini? Mguu mnaouandika bila kuugusa huwa nahamia mimi."

"Toka!"

"Huu nitatoka, umeushika. Na ile miguu tisa ya utafiti wako? Si ulijaza vipimo vyake mezani bila kuigusa, ukiwahi mkutano?"

Wote walisikia. Aibu ilimchoma daktari, lakini hasira zilikuwa mbele, na safari hii zilimgeukia mwenyewe.

"Ndiyo, nilidanganya!" alisema mbele ya wanafunzi wake. "Sasa mwachie mgonjwa wangu!"

Akaukamata ule mguu kwa mikono miwili, baridi ikampanda mpaka kwenye viwiko, kitanda kikatetemeka, fundi akapiga yowe. Kisha kimya. Kimashine hakikutoa hata mkwaruzo.

"Chumba cha upasuaji! Kimbieni!"

Kabla ya adhuhuri walishatoa donge la damu lenye urefu wa kidole. Unyayo ukarudiwa na joto. Yule mwanafunzi mrefu aliweka vidole mwenyewe, akahesabu, machozi yakimtoka. Daktari hakumbembeleza.

Akaenda ofisini, akafunga mlango, akapiga simu kwa wa kwanza kati ya wagonjwa wale tisa wa utafiti, mzee mmoja mstaafu. Mkewe akapokea.

"Shikamoo mama. Ni daktari wa mzee."

"Marahaba." Mama alikuwa ananong'ona.

"Nilikosea kipimo chake. Namwomba aje leo leo nimpime upya. Yupo karibu?"

"Yupo, mwanangu, amelala." Meno ya mama yalisikika yakigongana. "Njoo wewe, nakuomba. Mwenyewe amelala. Mguu umesimama mlangoni."