Upepo Una Ukoko

Kila alasiri, kabla hata ya kuvua sare za shule, Chiriku alikuwa na kazi moja: kutia uzi kwenye sindano za Bibi. Bibi alikuwa fundi cherehani. Macho yake yalikuwa na mambo. Mtu akipita upande wa pili wa barabara amevaa shati lililoshonwa na fundi mwingine, Bibi aliona hapo hapo kwamba bega moja limepanda. Lakini tundu la sindano, lililokuwa mbele ya pua yake, hakuliona.

Jina la Chiriku alipewa na Bibi huyo huyo, kwa sababu ya mdomo. Mtoto alizungumza akila, alizungumza akifagia, na mama yake aliapa kwamba hata usingizini alikuwa akijibizana na mtu. Siku hiyo, akiwa bado ameshika sindano, aliuliza:

"Bibi, mlipokuwa wadogo mlicheza michezo gani?"

"Mingi."

"Na nyimbo zake?"

"Zilikuwepo."

"Niimbie mmoja basi."

Bibi alisimamisha mguu juu ya kanyagio la cherehani. Akatazama dari, akakuna kichwa kwa ncha ya mkasi, akafumba jicho moja.

"Hauji," alisema. "Nimesahau. Haya, niache na kola zangu, mwenyewe anazitaka kesho asubuhi."

Cherehani ikaanza tena kunguruma, na mazungumzo yakaishia hapo.

Chiriku hakuuliza kwa kujifurahisha tu. Pale shuleni, nyuma ya darasa la wadogo, palikuwa na rundo la madawati mabovu ambalo lilikaa miaka na miaka hadi likaota majani. Sasa lilikuwa limeondolewa, na uwanja mzuri umepatikana. Ajabu ni kwamba watoto wadogo hawakujua wautumieje. Wakati wa mapumziko walijipanga ukutani kama nguo zilizoanikwa, wakitazamana. Mwalimu wa michezo, ambaye wanafunzi walimwita Filimbi akiwa mbali na Mwalimu akiwa karibu, aliona huruma. Akawaagiza wanafunzi wakubwa kila mmoja aulize nyumbani mchezo wa zamani pamoja na wimbo wake, aje auseme darasani. Mzuri kuliko yote ndio ungefundishwa kwa wadogo siku ya Ijumaa.

Sasa Chiriku aende kusema nini? Kwamba bibi yake amesahau? Yeye, aliyekwisha kutamba kwamba hakuna asilolijua bibi yake? Alikaa mezani, akatafuna kalamu, akatunga wake.

Kesho yake alisimama mbele ya darasa, mikono nyuma, akaimba kwa sauti laini:

*Ua zuri la bustani,*
*Lanukia asubuhi,*
*Nyuki waja kwa furaha,*
*Dunia yapendeza.*

"Nani amekufundisha?" Filimbi aliuliza, uso umemchanua.

"Bibi yangu, Mwalimu. Walikuwa wakiucheza zamani."

Kijana mmoja mwembamba aliyeitwa Msumari alinyoosha mkono. "Sasa hapo mtu anakimbia saa ngapi?"

"Hawakimbii," Chiriku alijibu bila kupepesa jicho. "Bibi anasema walikuwa wanatabasamu tu."

Darasa lilicheka, lakini Filimbi alikuwa amekwisha kupendezwa. Nyimbo za wengine zilikuwa za kurukaruka na kupiga kelele. Huu ulikuwa na adabu zake. Akatangaza kwamba Ua la Bustani ndilo litakalofundishwa Ijumaa ya wiki iliyofuata, na kwamba bibi wa Chiriku aalikwe aje kuongoza mwenyewe.

"Utamwambia?"

"Nitamwambia, Mwalimu."

Hakumwambia. Jumatatu alijisemea kesho. Jumanne alijisemea Bibi amechoka. Jumatano alikuwa akipanga namna ya kuumwa tumbo, ndipo alipoona mtu anakuja nyumbani kwao, sweta limefungwa kiunoni kwa nyuma. Alikuwa Filimbi. Alikuwa akiwaonyesha wanafunzi namna ya kuruka juu, na suruali yake ya mazoezi ilikuwa imepasuka mahali ambapo mwalimu hapaswi kupasuka.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Mwalimu. Geuka nione. Ee! Hapa ulikuwa unaruka au unaruka ukuta?"

Filimbi alicheka, akaenda chumbani kubadili, akarudi amejifunga shuka. Bibi akaanza kushona. Chiriku alikuwa kando na kopo la vifungo, akivichambua kana kwamba uhai wake umo humo ndani.

"Tunakusubiri kwa hamu Ijumaa, Bibi," Filimbi alisema. "Ule mchezo wenu wa Ua la Bustani umetupendeza sana."

Cherehani ilinyamaza.

"Ua la Bustani," Bibi alirudia polepole, kama mtu anayeonja mchuzi ulioongezwa chumvi na mwingine.

"Hasa pale mlipokuwa hamkimbii, mnatabasamu tu."

"Tukitabasamu. Mimi?" Bibi alishusha miwani hadi ncha ya pua, akamtazama mjukuu wake juu ya vioo. Kifungo kilimponyoka Chiriku, kikabingirika hadi chini ya meza. "Nitakuja, Mwalimu. Tena nina hamu kuliko wewe. Nataka niusikie."

Filimbi aliondoka amefurahi, suruali imara. Bibi alikata uzi kwa meno, akakunja mikono.

"Haya, mke mwenzangu," alisema. "Nifundishe huo mchezo niliokufundisha."

Chiriku alifungua mdomo. Machozi yakamtangulia. "Nilikuuliza ukasema umesahau," alisema hatimaye. "Nikaona aibu kwenda mikono mitupu. Nikatunga mwenyewe, nikasema ni wako."

"Kwa hiyo umenibebesha mtoto nisiyemzaa," Bibi alisema. "Tena mtoto mwenyewe hakimbii, anatabasamu!" Mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko, kisha akajizuia. "Mimi nina langu hapo. Ulikuja na swali, nikakufukuza kwa kola. Lakini hilo la kusema nimesema, wakati sikusema, ni lako. Ijumaa nitakuja, na nitakaa kimya. Sitasema ni kweli, sitasema ni uongo. Mdomo utakaofunguka ni wako."

"Bibi, kila mtu atanicheka."

"Watacheka, ndiyo. Mimi mwenyewe nimeanza. Inuka. Nipe mikono, tuuone huo uzuri wake."

Wakasimama katikati ya chumba, wakaanza kupigiana makofi na kuimba Ua zuri la bustani. Mstari wa kwanza ulikwenda. Wa pili na wa tatu ikaenda. Walipofika kwenye dunia yapendeza, maneno yakaisha kofi moja likiwa bado njiani, na mikono ya wote wawili ikabaki hewani kama ya watu wanaokamatwa na polisi.

"Huu umetungwa na kalamu," Bibi alisema. "Wimbo wa kucheza hutungwa na viganja. Ona, mikono haijui pa kwenda."

Lakini mikono ya Bibi ilijua. Maana ilishuka yenyewe, ikapiga mapaja, pa-pa, pa-pa, na mdomo wake ukafunguka bila kuombwa:

"*Mimi simo, mimi simo.*"

Wakatazamana.

"Bibi! Hicho nini?"

"Nyamaza, kisikimbie!" Bibi alipiga mapaja tena. "*Nimepaka mafuta tu... Nimemeza upepo tu...*" Halafu ghafla akakusanya gauni, akageuka na kutimka, akaikosakosa meza ya cherehani.

"Unakwenda wapi?"

"Sijui!" Bibi alishika ukuta, akihema na kucheka. "Miguu ndiyo imesema tukimbie!"

"Lakini unamjibu nani? Anauliza nini?"

Bibi alijaribu tena na tena. Majibu yalikuja kila mara. Maswali, hata moja. Mwishowe akapiga kofi kichwani mwake. "Mjinga mimi! Yatakujaje? Hayakuwa yangu. Tulikuwa tunasimama mistari miwili, huku wenye kiporo, huku wezi wake. Mimi nilikuwa mwizi siku zote. Wa kuuliza alikuwa Somo."

Somo alikuwa shoga wa Bibi tangu utotoni, mpiga pasi wa mtaa wa nyuma. Nguo zilizoshonwa na Bibi zilikwenda kwake kunyooshwa, na wawili hao walionana karibu kila siku. Walizungumza habari za kola na mikunjo na wateja wasumbufu. Habari za michezo hazikuwahi kuingia, maana ni nani anayemkumbusha mpiga pasi mambo ya kukimbizana?

Walimkuta nyuma ya meza yake, mama mnene, jasho kwenye pua, pasi ya mkaa mkononi.

"Karibuni. Umeleta yale mashati? Kola safari hii zimenyooka au zinatazama kando?"

"Kola zangu hazina neno, pasi yako ndiyo inawaka kwa wivu," Bibi alijibu. "Somo, ule mchezo wetu wa kiporo, ulikuwa unauliza nini?"

Somo alifikiri, akatikisa kichwa. "Aa. Miaka yote hiyo? Nimesahau."

Lakini Bibi hakukubali. Aliichukua pasi, akaiweka juu ya kigae chake, akamvuta Somo hadi uani, akasimama mbele yake na kuinua viganja. Somo akaviinua vyake kwa mazoea tu, kama mtu anayepokea mzigo. Vikagongana. Na sauti nene ikatoka:

*"Kiporo changu ki wapi?"*

*"Mimi simo, mimi simo!"*

*"Mbona mdomo wang'aa?"*

*"Nimepaka mafuta tu!"*

*"Mbona tumbo limevimba?"*

*"Nimemeza upepo tu!"*

*"Upepo una ukoko?"*

Hapo Somo alinyoosha kidole hadi kidevuni kwa Bibi, kana kwamba ukoko umemganda hapo, na Bibi akatimka. Hakufika mbali. Somo, pamoja na unene wake, alimdaka kwa mkono wa gauni karibu na ndoo.

"Nimekushika!"

"Hujanishika! Umekanyaga mstari!"

"Mstari gani? Hapa kuna mstari? Ulikuwa mwizi wa kiporo na bado ni mwizi!"

"Na wewe ulikuwa unaanza kukimbia kabla ya ukoko, mpaka leo hujaacha!"

Walibishana mpaka wakashikana mabega kwa kucheka. Chiriku alicheka nao, lakini yale maneno yalibaki kichwani mwake njia nzima ya kurudi. Mimi simo. Nimepaka mafuta tu. Nimemeza upepo tu. Aliona kama kuna kitu kimemganda kidevuni, na kila mtu anakiona isipokuwa yeye.

Ijumaa ilifika. Wadogo walikuwa wamejipanga ukutani kama kawaida yao. Bibi na Somo walikuja pamoja, gauni zimenyooshwa hadi zinakata. Filimbi alipuliza filimbi.

"Leo tuna wageni wetu, watatufundisha Ua la Bustani!"

Chiriku alisogea mbele. Njia rahisi ilikuwapo, naye aliiona. Angeweza kusema tu kwamba wamebadilisha mchezo, wameleta mzuri zaidi. Hakuna ambaye angeuliza. Alimtazama Bibi. Bibi alikuwa anatazama paa la darasa, mdomo umefungwa kama tundu la kifungo lililoshonwa kwa makosa.

"Mwalimu," Chiriku alisema, na sauti ikawa ndogo. Akaanza upya. "Mwalimu, Ua la Bustani si la Bibi. Bibi hajawahi kuliona. Nililitunga mimi mezani, nikamsingizia. Naomba unisamehe. Mchezo wao wenyewe ni huu tuliokuja nao leo."

Kisha Msumari akasema, "Nilijua! Bibi gani huyo anayetabasamu tu?" Kicheko kikalipuka, na masikio ya Chiriku yakawaka moto. Lakini kicheko, kama mambo mengine, kilichoka, kikaisha, na yeye alikuwa bado amesimama.

Filimbi alimsogelea. "Nilisikitika ulipoanza kusema," alisema, "lakini kwa kuwa umekiri mwenyewe, sasa nimesikitika kidogo tu. Tutazungumza mimi na wewe baadaye. Haya, tuonyesheni."

Wakaonyesha. Mara ya kwanza wadogo walitazama. Mara ya pili midomo ikaanza kufuata. Mara ya tatu ukuta ulibaki peke yake. Msumari alinaswa wa kwanza, akadai amekanyagiwa mstari, na Bibi akamwunga mkono kwa nguvu zote. Filimbi mwenyewe aliingia upande wa wezi, akaruka, akachuchumaa, akateleza, na mshono wa Bibi haukusogea.

Walipokaa chini kupumzika, Bibi alimvuta Chiriku karibu.

"Sikiliza," alisema, na wengine nao wakasikiliza. "Kutunga wimbo si kosa. Hata hizi zetu zilitungwa na watoto, hazikuanguka kutoka juu. Kosa ni kusema jambo ni la mtu wakati si lake. Ungelinyamazia, Ijumaa hii wadogo hawa wangejifunza uongo wakidhani ni mchezo wetu, na sisi wenyewe tungekufa na nusu nusu zetu, mimi na majibu, yeye na maswali. Ukiwa hujui, sema hujui. Halafu uulize tena. Na mzee akikwambia amesahau, usiondoke. Mnyanyue, umshike mikono."

"Na umwondolee kola," Somo aliongeza.

Mtoto mmoja mdogo, kamasi mpaka mdomoni, alimvuta Chiriku sketi. "Na ule wa ua ni wa nani?"

"Wangu," Chiriku alisema. "Nimeutunga mwenyewe. Ila bado haujui kukimbia."

Somo aliinuka kwa kishindo, akajifuta mavumbi, akainua viganja vyake vipana.

"Ulete hapa," alisema. "Tutaufundisha."