Wivu Ulivunja Mlango wa Stoo Yangu ya Uyoga

Mimi ni mjane wa miaka themanini na mmoja. Bado Mungu ananipa nguvu ya kwenda kanisani kwa miguu yangu mwenyewe, namshukuru. Lakini kuna jambo nimelibeba tangu ujana wangu hapa Kisugu, Kampala, na leo naliweka mbele yenu, wasomaji wenzangu, kabla sijaenda nalo kaburini.

Mimi na mume wangu Wafula tulitoka magharibi mwa Kenya tukiwa wapya katika ndoa. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma kule Katwe. Mchapakazi, mcheshi, mtu wa watu... ila alikuwa na ugonjwa mmoja tu. Wivu! Nikimsalimia muuza mkaa, ataniuliza nilimjulia wapi. Mimi nilimwombea tu.

Ilikuwa miaka ya utawala wa jeshi. Sukari ilipotea, chumvi ikaifuata, sabuni ikawa kitu cha kufichwa sandukuni. Nyama tuliisikia kwa jina. Ndipo mzee katekista wa kanisa letu akatufundisha sisi kina mama kuotesha uyoga nyumbani, ndani ya chupa za mdomo mpana. Chupa hazikuwa taabu. Wahindi walipofukuzwa waliziacha tele, nyingine bado zikinuka achari.

Tulizijaza maganda ya mbegu za pamba yaliyoloweshwa, tukazipika kwa mvuke ndani ya pipa. Pipa langu alilichomelea Wafula mwenyewe. Zikipoa, unatia mbegu ya uyoga, unaziba kwa pamba, unaziweka gizani na kusubiri.

Mara ya kwanza niliambulia kuvu ya kijani tupu! Katekista akanicheka: "Binti yangu, uyoga ni kama mtoto mchanga. Humshiki kwa mikono ya sokoni."

Akanipa masharti. Kabla ya kuingia stoo, oga kwa sabuni. Vaa kanga safi. Jifunge kitambaa mdomoni. Ingia peke yako na ufunge mlango, maana vumbi na pumzi za watu ndizo zinazoharibu. Nikakata kipande cha sabuni nilichokuwa nacho, nikakitunza kwa kazi hiyo tu.

Wafula akirudi na masizi yake ya Katwe nilimzuia. Akatania: "Pipa nimechomelea mimi, komeo nimepiga mimi, leo nazuiwa mlangoni? Huyu uyoga ni bwana harusi?"

Tulicheka, jamani! Laiti ningejua...

Safari ile uyoga uliota. Ulichungulia kwenye midomo ya chupa kama masikio ya mtoto. Niliupika kwa mchuzi wa karanga, na kwa furaha nikawapelekea majirani wote bakuli. Wote, isipokuwa Nalongo.

Nalongo alikuwa rafiki yangu wa chanda na pete. Waganda humwita hivyo kwa heshima mwanamke aliyezaa mapacha. Tulisali pamoja, tulichota maji pamoja. Lakini alikuwa wa ukoo wa uyoga, na kwa Waganda, kitu chenye jina la ukoo wako ndio mwiko wako. Hukili. Basi nikipita mlangoni kwake nililifunika bakuli vizuri, kwa kumheshimu.

Yaliyofuata niliyajua baadaye, kwa kinywa chake mwenyewe.

Siku moja alimkuta Wafula bombani. "Taata Rebeka, ssebo, mimi sisemi kitu," alimwambia. Rebeka ni binti yetu; kwa Kiganda taata ni baba, na ssebo ni bwana. "Lakini mwanamke anaoga mchana, anajifungia stoo, anatoka ananukia sabuni... Sabuni, siku hizi! Uyoga nao una pua?"

Sumu ilishuka ikatulia moyoni mwa mume wangu. Akaanza kurudi mchana bila habari. Akaninusa shingo. Utani ukaisha, chakula kikawa hakimshuki. Nikamwambia, "Baba Rebeka, oga, tuingie wote ujionee." Akanijibu, "Ukishajua nakuja, nitamkuta nani?"

Ndugu zangu, mtu mwenye wivu utamfungulia mlango gani akaamini?

Mchana mmoja akanywa waragi na mafundi wenzake kule Katwe. Akalia mbele ya watu: "Mke wangu ameficha mwanaume stoo!"

Ameficha mtu! Maneno hayo, miaka ile wanajeshi walipowasaka wapinzani wao nyumba kwa nyumba! Wenzake waliinuka mmoja mmoja wakaacha vinywaji mezani. Lakini masikio mabaya yalikuwa yameshasikia.

Kesho yake asubuhi nilikuwa ndani ya stoo, kitambaa mdomoni, niliposikia nyundo. Komeo likaruka. Wafula akaingia akihema, akachungulia chini ya rafu, akachungulia nyuma ya pipa.

"Yuko wapi?"

Nikamwonyesha chupa. "Ni hawa tu, Baba Rebeka."

Aliiweka nyundo chini. Akaishika chupa moja, akautazama uyoga ulivyoota, akakaa sakafuni akalia kama mtoto. Akaniomba msamaha. Nilikaa karibu naye nikamshika mkono. Nilidhani Mungu amejibu maombi yangu, ndoa yangu imepona...

Tulikuwa bado tumeshikana mikono gari liliposimama nje. Wanajeshi!

"Mtu iko wapi? Ile wewe naficha!"

"Afande, hakuna mtu. Ni wivu wangu tu, nilikuwa nimelewa."

"Wivu? Wewe nafikiri sisi watoto? Mlango navunjika, mtu nakimbia!"

Kumbe ule mlango uliovunjwa ndio ukawa ushahidi wao! Walizipasua chupa kwa vitako vya bunduki, wakamsukuma mume wangu nje. Akageuka akaniambia, kwa sauti yake ya siku zote, "Mama Rebeka, funga mlango. Uyoga usiharibike."

Sikumwona tena. Nilikwenda kila lango la kambi nililosikia habari zake. Sikupewa jibu wala maiti, na hadi leo hakuna kaburi.

Nalongo alikuja kwangu akapiga magoti, akaniambia yote. "Kila mlango uliupigia hodi. Wangu uliupita."

"Lakini ni mwiko wako!"

"Nilijua, nyabo," aliniita kwa heshima ya Kiganda. "Ungeniletea hata ndizi moja..."

Nilimfukuza. Miaka mingi nilisali huku jina lake limenikwama kooni. Mungu ni mvumilivu kuliko sisi, mwishowe nililitoa. Nikampelekea kichane cha ndizi, tukalia pamoja mlangoni kwake.

Nawasihi, wanangu. Ukimshuku mwenzako, muulize nyumbani kwa upole. Usimwage moyo wako mbele ya pombe na watu. Rafiki akikuletea maneno ya mwenzi wako, tazama kwanza ana kidonda gani. Na ukigawa neema, mkumbuke yule asiyeweza kula unachogawa.

Bado naotesha uyoga. Wajukuu huoga, kisha tunaingia wote. Kabla bakuli la kwanza halijatoka, ndizi hutangulia kwa watoto wa Nalongo.

Kisha narudi stoo, nauvuta mlango taratibu. Nimefunga, Baba Rebeka. Nimefunga...