Dakika Arobaini za Baba Tusa

Taji-angazi lilipowashwa kichwani mwa Lusajo, taswira ya ubongo wake ilitokea hewani juu ya kitanda, kubwa kama tikiti, kila seli ya neva nukta ya mwanga. Wageni wa hospitali ile ya Mbeya walizoea kupiga makofi wakioneshwa maajabu hayo. Asubuhi hiyo hakuna aliyepiga. Upande wa kushoto palikuwa na doa jeusi, nalo lilikuwa linakua.

Mhandisi Tulinagwe, aliyehangaika miaka tisa kulibuni taji hilo, alikuwa mke wa mgonjwa.

"Dawa ya kuyeyusha imeshaingia," alisema Daktari Sanga, "ila bonge la damu ni kubwa, limeziba mshipa barabara. Linahitaji kizibuzi."

Kizibuzi kilikuwa roboti mwembamba kama uzi, wa kupenyezwa mshipani kupitia pajani.

"Kileteni basi!"

"Kimo ndani ya mgonjwa mwingine, Mama Tusa. Kitatoka baada ya dakika arobaini."

Tulinagwe alijua maana yake. Seli ya neva haina ghala. Damu ikikatika, oksijeni na sukari huisha upesi. Pampu zake ndogo husimama, chumvi na maji huingia, ikavimba, ikafa. Karibu milioni mbili kila dakika. Kulizunguka doa kulikuwa na utepe wa kijivu: seli zilizonyamaza lakini bado hai, zikisubiri damu. Utepe ule ulikuwa ukiliwa mbele ya macho yake.

Kisha taji likaandika, kama alivyolifundisha: *Mshipa uliziba saa moja na dakika ishirini.*

Saa moja na ishirini Lusajo alikuwa mezani, kikombe kikimponyoka. "Mkono umekufa ganzi," alilalamika. Tulinagwe, akitafuta funguo, alimjibu, "Umeulalia tu, Baba Tusa. Utaachia wenyewe." Akaenda kazini. Jirani ndiye aliyemkuta sakafuni, saa tatu.

"Daktari, huoni zinavyozimika? Fanya kitu!"

"Naona, Mama Tusa. Naona kama wewe."

Akaushika mkono wa kulia wa mumewe, mzito kama gogo. Akaanza kusali, maneno yakampotea.

Kizibuzi kilikuja, damu ikarudi. Kijivu kikang'aa tena. Cheusi kikabaki cheusi.

Siku ya tatu Lusajo aliketishwa kitandani. Alimtazama mkewe, akajikaza. "Ju... Jumanne." Akatikisa kichwa kwa hasira; silo neno alilolitafuta. "Jumanne!"

"Unataka maji?"

Sivyo. Tulinagwe akamfunika blanketi, Lusajo akalisukuma kwa mkono wa kushoto. Mkewe akafungua dirisha, akampigia Tusa simu, akaleta uji. Kila mara Lusajo alikataa, akajaribu upya, "Jumanne, Jumanne," mpaka machozi yakamtoka.

Mwishowe akageukia ukutani. Tulinagwe akabaki amesimama, bakuli la uji mkononi, akingoja ageuke.