Asiyelalamika wa Ghorofa ya Saba

"Jongoo. Nguo zimekauka?"

"Bado mbichi."

"Zianue hivyohivyo."

Simu ikakatwa.

Jongoo alikuwa sebuleni kwake, miguu imo ndani ya beseni la maji ya moto na chumvi. Ilikuwa siku ya kwanza ya likizo yake. Kuanua nguo mbichi, kwa lugha ya Idara ya usalama, maana yake ni moja tu: toka sasa hivi, ukichelewa kuna mtu atakufa. Akayatazama yale maji. Yalikuwa bado yanafuka mvuke.

"Likizo gani hii jamani," alisema peke yake, akaanza kutafuta soksi.

Jina la Jongoo alipewa kazini, kwa sababu hajawahi kukimbia mbele ya mtu. Vijana waliomcheka wamekwisha kuhamia ofisini, wana viyoyozi. Yeye bado yuko barabarani, na magoti yake yanamkumbusha kila asubuhi.

Toyota Noah nyeupe ilimchukua kona ya pili. Mkuu alikuwa kiti cha nyuma, tai imelegea, macho mekundu.

"Mkaguzi wa forodha, yule mama wa ghala la uwanja wa ndege," alisema Mkuu. "Wamemchukua jana asubuhi."

"Wale wageni?"

"Walewale. Makombora yao tuliyoyakamata yamo ghalani kwake. Ya kubeba begani, yanatungua ndege. Mlango wa chumba kile unafunguka kwa jicho na kidole chake tu, naye awe hai. Leo saa kumi jioni walinzi wanabadilishana zamu. Watampeleka hapo, afungue, wachukue mzigo. Wakishamaliza naye, unajua."

Jongoo alijua. Hakuna mtu Idarani asiyejua.

"Simu yake ilizimwa humu," Mkuu akaendelea, akionyesha dirishani. Lilikuwa jengo la ghorofa nane, rangi imebabuka, nguo zimening'inia kila kibaraza. "Fleti ipi, hatujui. Tukivunja mlango usio wake, wao watasikia, na yeye ndio basi tena."

Akamkabidhi kitambulisho cha kampuni inayosimamia jengo na tableti ya Samsung.

"Unakusanya namba za wakazi. Jina, namba ya simu, na mtu wa kupigiwa likitokea la kutokea. Utaona kila mlango na kila uso. Kazi rahisi."

Jongoo alimtazama. Ni wazi Mkuu hajawahi kuishi ghorofani.

Lifti ilikuwa imekufa. Mlangoni pake palibandikwa karatasi: *Mafundi wanashughulikia.* Karatasi yenyewe ilikwisha kuwa ya njano.

Akavuta pumzi, akapanda. Mgongoni, chini ya koti, bastola ya Glock ilikuwa inamchoma mbavu. Sikioni kulikuwa na kifaa kidogo, na ndani ya kifaa sauti ya Kituo, binti asiyewahi kulala.

"Nakuona, Jongoo. Endelea. Na usisahau, kamera moja ya kubandika kila korido."

Mlango wa kwanza ulifunguliwa na dereva wa teksi, kifua wazi, mswaki mdomoni.

"Namba ya nini? Mbona kodi mnapokea bila namba?"

"Ni ya dharura, kaka."

"Dharura! Maji hayajatoka tangu wiki iliyopita, napiga mswaki na soda hapa. Hiyo si dharura?"

"Nitawafikishia."

"Andika. Andika mbele yangu, nione."

Jongoo akaandika: *mswaki na soda.* Ndipo dereva akalainika.

"Haya. Ila namba yangu siijui kwa kichwa, nimebadilisha laini. Lete yako nikubipu."

Mlango wa pili, mama mmoja alitoka na povu lililokauka kichwani.

"Tazama! Tazama mwenyewe! Nimeanza kuosha nywele, ndoo ikaisha. Sasa niende kazini hivi?"

"Pole sana, dada. Namba yako?"

"Pole haioshi nywele!"

Namba alitoa, lakini baada ya lifti, taa za ngazini na panya. Ghorofa ya tatu mlango ulifunguliwa kwa mnyororo, ukatokeza mdomo mtupu: "Namba ya mume wangu muulize mwenyewe. Mimi nikimpigia hapokei." Na kila aliyekubali, bila kukosa, ama alipekua simu kutafuta namba yake mwenyewe, ama alisema nibipu.

Ghorofa ya nne Jongoo alikuwa anahema.

Mlango ulikuwa wazi. Bibi mmoja alikaa kizingitini, ndoo tupu zimepangwa ukutani nyuma yake.

"Mwanangu, umri huo bado wanakupandisha ngazi?"

"Ndiyo kazi, bibi."

"Kazi gani hiyo, wanataka kukuua. Kaa."

Akamsukumia kigoda. Jongoo akakaa. Hakumbuki mara ya mwisho mtu kumpa kiti kazini.

"Mtu wa kupigiwa likitokea la kutokea, bibi?"

"Nina binti ng'ambo. Simu inalia mpaka inachoka yenyewe." Akainyoshea kidole tableti. "Andika yako."

"Yangu?"

"Si ndiye uliyepanda kuniuliza? Wengine hawajapanda."

Kuna namba za bandia za kutoa, Idara imezilipia. Jongoo alimpa namba yake ya kweli. Huenda ni kile kigoda.

"Na hizi namba zetu, mnazipeleka wapi?"

"Haziendi popote, bibi. Ni za dharura tu."

"Sema wallahi."

"Wallahi."

"Jongoo," Kituo ikanong'ona, "saa nane imepita."

Ghorofa ya saba, mlango wa mwisho kushoto, alifungua bwana mmoja mwembamba, shati limepigwa pasi, anatabasamu.

"Karibu sana! Namba? Bila shaka."

Akaitaja kwa kichwa, tarakimu baada ya tarakimu, akianza na namba ya nchi. Akataja na ya ndugu yake, bila kuulizwa.

"Una tatizo lolote la kuripoti?"

"Hapana. Huduma yenu ni nzuri sana. Kila kitu kiko sawa."

"Asante sana, bwana."

"Asante wewe kwa kazi nzuri."

Jongoo akamalizia milango ya juu, akateremka, kichwa kizito. Katikati ya ngazi goti la kushoto likagoma. Akakaa chini na kulikanda.

*Kazi nzuri.* Tangu asubuhi ameitwa mwizi, mvivu na kibaraka wa mwenye nyumba. Huyu amemshukuru.

Mkono uliokanda goti ukasimama.

"Kituo. Nimempata. Ghorofa ya saba, kushoto, mwisho."

"Umeona nini?"

"Sikuona kitu. Hakulalamika."

Mkuu mwenyewe akaingia hewani.

"Jongoo, unataka nivamie mlango wa mtu kwa sababu ana adabu?"

"Mkuu, jengo hili halina maji wiki nzima. Huyu anasema kila kitu kiko sawa. Huyu hakuja hapa kuishi. Amekuja kujificha."

"Pengine ni mpole tu! Nikikosea mlango, yule mama anakufa. Nipe kingine."

Hasira zilimpanda Jongoo, zikachoka njiani, zikashuka. Maana Mkuu alikuwa na haki.

Akarudi ghorofa ya nne.

"Bibi, hapa maji yakitoka, yanaanzia wapi?"

"Bomba la uani. Huku juu hayafiki."

"Na watu wanajuaje?"

"Mmoja anapiga kelele, wote tunashuka mbio. Ukichelewa, umekosa."

"Naomba upige kelele."

Bibi alimtazama, akamtazama tena. "Maji yametoka?"

"Bado."

"Unataka nidanganye watu kwa maji? Una wazimu wewe?"

"Bibi, kuna mama mmoja amefungwa humu ndani, na jioni watamuua." Sauti yake ilikuwa chini. "Leo maji yatakuja. Nitayaleta mimi. Lakini sasa nataka watu watoke."

Bibi alinyanyuka taratibu, akachukua ndoo mbili.

"Namba yako ninayo. Ukinidanganya nitakupigia mpaka simu iungue."

Akasimama ngazini, akajaza kifua.

"MAJI YAMETOKA!"

Lo! Jengo zima lililipuka. Milango ilibamizwa, ndoo ziligongana, ndala zilipiga ngazi. Dereva wa teksi alipita na madumu manne. Mama wa povu alipita akimpiku. Wakateremka wote, wazima na wagonjwa, wakimsukuma Jongoo ukutani.

Yeye alikuwa anapanda.

"Kituo, milango?"

"Kamera zinaonyesha yote imefunguliwa..." Binti akameza mate. "Isipokuwa mmoja. Saba, kushoto, mwisho."

"Mkuu?"

"Nimeona," sauti ya Mkuu ilikuwa kavu. "Vijana wawili wanapanda nyuma yako. Nenda."

Korido ilikuwa tupu sasa. Jongoo akagonga kwa kidole kimoja.

"Nani?"

"Mimi wa namba, bwana. Samahani, nimekosea tarakimu moja ya ndugu yako."

Mtu mwenye adabu hawezi kuacha kosa lipite. Mlango ukafunguka kiasi cha tabasamu.

Jongoo akatia bega.

Tableti ilimkuta yule mstaarabu puani. Alianguka bila hata kulalamika. Mtu wa pili alitoka chumbani na bunduki fupi aina ya Uzi, akakuta mdomo wa Glock unamsubiri usoni.

"Weka chini, kijana. Nimechoka sana leo."

Akaiweka. Vijana wa kikosi wakaingia wakimruka yule mstaarabu.

Mkaguzi alikuwa bafuni, sakafuni, mikono imefungwa kwa waya. Jongoo alipombandua plasta mdomoni, hakupiga kelele.

"Mume wangu anajua niko hai?"

"Mpigie umwambie." Akampa simu.

Mama yule akaishika, vidole vimesimama juu ya tarakimu. Kisha akaangua kilio.

"Namba yake siikumbuki. Miaka yote hii, na siikumbuki."

"Hakuna anayekumbuka," Jongoo alisema. "Nimegonga milango kutwa, najua." Akampigia mwenyewe, kwa namba aliyopewa na Kituo, akamwekea simu sikioni, akatoka ili asisikie. Lakini alisikia.

Uani palikuwa na vita. Watu wote wamezunguka bomba kavu, wanamtafuta mwongo. Bibi alikaa juu ya ndoo yake, amenyamaza, anaangalia lango.

"Mkuu, boza la maji la kikosi cha zimamoto. Sasa hivi."

"Jongoo, hiyo si bajeti ya—"

"Niliahidi kwa jina la operesheni yako."

Boza liliingia wakati saa kumi inagonga, saa ileile ambayo makombora yangetolewa ghalani. Shangwe iliyopigwa ilifika ghorofa ya nane. Jongoo alijaza ndoo mbili za bibi, akazipandisha mwenyewe, akashuka, akaondoka bila kumuaga mtu.

Noah ilimfuata taratibu kando ya barabara. Kioo kikashuka.

"Kazi safi," alisema Mkuu. "Namba za wakazi hazijafika kwetu."

"Mtandao mle ndani mbovu."

"Lete tableti basi. Wakazi wa jengo zima, na jamaa zao. Zitatufaa siku moja."

"Kioo kimepasuka kwenye pua ya mtu. Nitaileta kesho."

"Jongoo."

"Niko likizo, Mkuu."

Akakata kona ambayo gari haliwezi kupita.

Nyumbani beseni lilikuwa palepale, maji yamepoa. Jongoo akavua soksi, akatumbukiza miguu. Kisha akaichukua tableti, akaitumbukiza katikati ya miguu, akaikanyaga mpaka mapovu yakaisha.

Simu ikaita. Haikuwa Idara. Namba ngeni. Hapana, si ngeni.

"Bibi. Maji hayakutosha?"

"Yametosha. Nimeoga. Nimepiga tu kuona kama unapokea."

"Nimepokea."

"Haya. Sasa sikiliza mambo ya lifti."

Jongoo aliegemea kiti, akafumba macho.

"Sema, bibi. Naandika."