Feni Iliyopoza Meza Tupu

Meza ilikuwa tupu, na feni iliendelea kuipuliza. Hilo ndilo lililomkosesha Inspekta raha tangu alipoingia karakanani asubuhi ile. Mlango haukuvunjwa, kufuli zima, nyaya zimekunjwa vizuri. Kilichoibwa ni kompyuta ya bodi moja, isiyozidi kiganja, yenye emuleta, ile programu ya kuchezea michezo ya mashine za zamani. Wanunuzi walikuwa waje kuiona mchana huohuo.

Mwenye karakana alishakata shauri: mlinzi ana ufunguo, basi mwizi ni mlinzi. Mzee wa watu yuko mahabusu, analia, na mkuu wa kituo anataka jalada lifungwe upesi. Inspekta alizunguka meza, akaketi, akainuka tena. Alama za vidole zilikuwa za wenyewe tu. Moyo wake ulikataa kwamba ni mlinzi.

"Feni hii ya nini?"

Mpimaji, dada wa mwenye karakana, alieleza bila kuinua macho. Bodi ikishika joto hujipunguzia kasi, kwa hiyo hupozwa kwanza, ndipo hupimwa inatoa picha ngapi kwa sekunde. Kaka mtu akadakia kwamba bodi yake ilitoa sitini kamili jana.

"Baada ya hapo?"

"Nikazima feni, tukafunga, tukaondoka," kaka alijibu.

"Uliizima mwenyewe?"

"Kwa mkono wangu huu."

Inspekta akaacha kuzunguka. "Sasa niambieni, mwizi gani anapoza kitu kabla ya kukiiba?"

Kaka akacheka kidogo, akasema labda mlinzi alisikia joto.

"Mlinzi angejielekezea mwenyewe. Hii imeelekezwa mezani. Aliyekuja usiku alipima kwanza, na wapimaji hapa mko wawili."

Dada akafungua mkoba. Akatoa bodi iliyoviringishwa kwenye leso, akaiweka mezani.

"Kaka aliitegeshea iruke picha, isizionyeshe zote, huku namba ikisoma sitini," alisema. "Niliuondoa ujanja huo, nikaipoza, nikapima upya. Nilikuwa naomba niwe nimemdhania vibaya."

"Ukapata ngapi?"

"Arobaini na moja." "Wanunuzi wangemuumbua mbele ya watu. Nikaona bora ionekane imeibwa, aibu iwe ya mwizi, isiwe ya kaka yangu. Sikujua atamtaja mzee."

"Na ulipojua?"

"Nilinyamaza."

Inspekta alimwonea huruma, na hasira pia, vyote kwa pamoja. Akapiga simu kituoni, akaagiza mlinzi aachiwe na aombwe radhi. Wa upande wa pili akauliza mwizi ni nani basi.

Kabla hajajibu, kaka mtu, aliyekuwa ameketi chini kwenye sakafu, akasema polepole, "Afande, anza na mimi. Waambie ile sitini ilikuwa uongo."

Dada akaanza kulia. Inspekta akanyoosha mkono, akazima feni.