Viti Viwili, Watu Watatu

"Uko wapi?"

"Nimeshafika kwenu. Niko hapa kwenye tuta la mwisho."

"Mbona nasikia kama mtu anaburuta bati?"

Fundi Viti alitupa jicho kwenye kioo cha pembeni. Kilichoburutwa ni tumbo la gari lake jipya. Tuta lile wenzake hulivuka huku wakipiga soga, lakini yeye alilipanda kwa ubavu kama kaa, na bado likakwangua.

"Ni barabara," alisema. "Wanatengeneza."

"Haya. Mimi nabana nywele, namalizia. Mama yuko barazani na mkoba wake tangu saa mbili. Baba mdogo ameshapiga simu mara mbili. Fundi, leo usinichekeshe."

"Leo nitakufurahisha."

Mkunga akakata simu.

Tulitazame hilo gari, maana lenyewe halikubali kupitwa bila kutazamwa. La njano kama kiini cha yai, fupi, limelala chini, na paa lake la turubai hukunjwa nyuma kama mkeka. Kuingia unashuka kama unaingia kwenye beseni. Kutoka ni kwa awamu: goti kwanza, heshima baadaye. Kwenye buti Fundi aliweka koti lake, likajaa. Lakini ukikanyaga mafuta mgongo unabandikwa kwenye kiti kama stempu kwenye bahasha, na injini inacheka kicheko cha mtu asiye na wakwe. Asubuhi nzima alikuwa akitabasamu peke yake kwenye taa nyekundu. Dereva mmoja wa lori alimchungulia kutoka juu akamuuliza, "Mzee, umedondosha nini huko chini?" Hata hilo halikumchoma.

Miaka ishirini na miwili ameshona viti vya magari ya watu. Akimaliza hukaa dakika moja eti anapima, kisha mwenye gari anakuja kudai funguo. Viti vya gari hili alivishona mwaka jana, akavipima kwa dakika kumi. Juzi alikwenda kununua gari la familia, akalikuta hili limewekwa bango la kuuzwa. Mengine mnayajua.

Shida ni ahadi. Alipomwambia Mkunga kwamba anamtaka, Mkunga alimjibu palepale mlangoni mwa wodi ya wazazi, glavu mkononi: "Mimi nina mama. Anayenitaka mimi anatutaka wawili."

Fundi akakubali kwa mikono miwili. Mama alikuwa ametoka kupasuliwa nyonga, daktari kamkataza kiti cha chini. Fundi akaja na utepe, akapima kutoka kisigino mpaka nyuma ya goti. "Sentimita hamsini, mama. Chini ya hapo usikae, hata ukikaribishwa na mfalme." Akamtengenezea kiti kwa mkono wake. Akaapa kununua gari la kuwachukua wote watatu, na safari ya kwanza iwe kwa baba mdogo, ambako Mkunga angetoa jibu lake la posa mbele ya mkubwa. Siku yenyewe ndiyo leo.

Jana yake waliandikiana.

Mkunga: Gari umelipata?

Fundi: Nimelipata.

Mkunga: Lina milango mingapi?

Fundi: Ya kutosha.

Barazani, mama alimtazama akichomoka garini kwa awamu. Akamwacha amalize.

"Mwanangu, hilo umelipanda au umelivaa?"

"Shikamoo mama. Ni gari la michezo."

"Marahaba. Wachezaji wengine wako wapi?"

Fundi akacheka peke yake. Makwapa yakaanza kulowa.

"Mama, wewe utangulie nami. Nikikufikisha, narudi kumchukua mwenzako. Ni mwendo wa dakika chache tu."

Aibu ikimshika mtu humfanya mpumbavu mwenye mipango. Hesabu yake ilikuwa hii: Mkunga akitoka akamkuta mama keshakaa, mkanda keshafunga, atacheka, na mambo yatakuwa yamekwisha.

Mama akaja na mkongojo wake mpaka mlangoni mwa gari. Akainama kidogo kutazama.

"Hiki kiti mbona kiko chini? Si wewe uliniambia hamsini?"

Jicho la Fundi lilikwishapima zamani, bila utepe. Ishirini na tano.

"Ni macho tu, mama. Ukikaa utaona kimepanda."

"Haya. Wewe ndiye unayejua viti."

Akampa mkono, akajishusha. Robo tatu ya njia alishuka kwa mguu mzima, robo ya mwisho alianguka. Kucha zake zikazama kwenye kifundo cha mkono wa Fundi. Hakupiga kelele. Alikaa kidogo akihema, magoti yakiwa usawa wa kidevu.

"Fundi," alisema kwa upole. "Hakikupanda."

Ndipo mlango wa nyumba ukafunguka.

Mkunga alikuwa amependeza. Akaliona gari, akaanza kutabasamu. Akaona viti ni viwili, tabasamu likapungua. Akamwona mama.

"Nani kamkalisha hapo?"

"Mimi."

"Wewe uliyempima?"

Mkunga akapiga magoti ardhini na gauni lake la safari.

"Mama, chezesha vidole vya mguu. Maumivu yako wapi?"

"Nyongani kidogo. Kwenye roho zaidi."

"Usijisukume. Na mtu asimvute mikono, nyonga itachomoka."

"Kazi yako si kutoa watu? Basi nitoe."

"Wale husaidia wenyewe, mama. Wewe unapiga soga."

Majirani wakaanza kukusanyika. Mmoja akashauri kamba, mwingine akashauri sabuni. Fundi alisimama kama mgeni aliyevunja sahani. Kisha akachukua koti lake kwenye buti na kutoa spana mfukoni.

"Kiti kimefungwa kwa bolti nne," alisema. "Nitakitoa na yeye akiwa juu yake."

Mkunga akamtazama kwa mara ya kwanza tangu atoke. "Unaweza?"

"Hilo naliweza."

Akalala kifudifudi na shati lake jeupe, kichwa kikiwa chini ya miguu ya mama. Bolti mbili za mbele. Akakisogeza kiti taratibu, bolti mbili za nyuma. Watu wanne wakashika pembe nne, paa likiwa wazi, wakamnyanyua mama na kiti chake, wakakiweka juu ya kreti mbili za soda barazani. Fundi akapima kwa shubiri, akaongeza ubao mmoja. Hamsini. Mama akashika mkongojo, akasimama mwenyewe.

Majirani wakapiga makofi. Fundi akatamani kreti zile zimfunike.

Simu ya Mkunga ikaita.

"Baba mdogo, leo hatuji. Hapana, mama ni mzima, anatembea. Jibu? Jibu lilikuwepo, baba. Limerudi jikoni."

Akaweka simu mkobani.

"Ungeniandikia tu, viti ni viwili. Ningekucheka mpaka jioni, kisha tungekodi teksi."

"Najua."

"Hujui. Ulimshusha mama yangu chini ili wewe usionekane umekosea. Nenda, Fundi."

Akaenda, kiti akikiacha barazani. Njia nzima, upande wa kushoto palikuwa na shimo na matundu manne ya bolti. Kwenye taa nyekundu watu walichungulia gari la kiti kimoja, na mara hii hakutabasamu.

Kesho yake alirudi kuchukua kiti, saa ambayo Mkunga yuko zamu. Woga nao una ratiba. Mama alikuwa kwenye kiti chake cha hamsini. Daktari alikwishampima, nyonga haikuwa na neno.

"Mama, nimekuja kuomba radhi. Nilijua ni ishirini na tano."

"Najua ulijua. Fundi wa viti hakosei kwa jicho."

"Basi kwa nini ulikaa?"

"Nilitaka kuona kama utanizuia."

Hapo Fundi akainamisha kichwa. Maneno yaliyofuata yalimtoka moja moja, kama misumari kwenye ubao mkavu.

"Kuna jingine. Siku niliyolinunua sikukusahau, mama. Nilikukumbuka. Nilipoona viti ni viwili, nikafurahi."

Mama akavuta khanga yake begani.

"Hilo ndilo la kweli," alisema. "Mimi sikulaumu, mtu na mchumba wake wanataka peke yao. Mimi nilikaa na mama mkwe miaka tisa, usidhani nilikuwa naomba viti viongezeke. Lakini aliyeahidiwa si mimi. Kamwambie mwenyewe, na usimpunguzie hata neno."

Akamwandikia mchana ule ule, yote, bila kupunguza. Alama zikaonyesha ujumbe umesomwa. Siku ya kwanza kimya. Ya tatu kimya. Karakanani akashona kiti kimoja mara mbili kwa kukosea upande, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu aanze kazi. Siku ya tano akalirudisha lile la njano kwa muuzaji, akachukua gari kuukuu la rangi ya majivu, refu kama kabati, linalonuka vitunguu vya mwenye nalo wa kwanza. Injini yake haicheki, inakohoa.

Siku ya tisa simu ikalia.

Mkunga: Mama anasema umeuza lile yai.

Fundi: Nimerudisha.

Mkunga: Hili jingine lina milango mingapi?

Fundi: Minne. Wa kushoto nyuma haufunguki kwa ndani. Kioo kimoja hakishuki. Linanuka vitunguu.

Mkunga: Viti?

Fundi: Saba. Kimoja nimekiinua.

Mkunga: Na ile furaha yako ya viti viwili umeiweka wapi?

Alifuta majibu manne. La tano akaliacha liende.

Fundi: Bado ninayo. Nitakuomba Jumapili moja moja, mama akiwa amelala. Ila nitakuomba kwanza.

Chai yake ikapoa mezani kabla simu haijalia tena.

Mkunga: Jumamosi saa mbili. Uje mapema, gauni langu lina alama za magoti mawili na sitalibadilisha. Baba mdogo aone.

Jumamosi tuta la mwisho lilivukwa bila kelele. Mama alikuwa barazani, mkoba magotini. Fundi akafungua mlango wa nyuma, akatoa utepe, akakipima kiti mbele ya macho ya wote wawili, wasome wenyewe. Mkunga alisimama pembeni, mikono kifuani.

Mama akageuza mgongo, akashika mlango, akajishusha. Hakuanguka hata kidogo. Akajiweka sawa, akaliangalia tuta, akaiangalia barabara kutoka juu.

"Fundi."

"Naam, mama."

"Hiki kimepanda."

Mkunga akageuza uso upande wa ukuta kidogo, akajifuta macho, kisha akapanda kiti cha mbele na kupiga simu.

"Baba mdogo? Tumetoka. Andaa viti vitatu. Ndiyo, baba, watatu. Na huyu wa tatu umwekee cha chini kabisa, mwaka huu atakaa hapo."